Rubani wa Helikopta katika Mpango wa Utafutaji na Uokoaji: Somo kwa Watumishi wa Afya wa Nyanda za Kati

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kuumaliza mlima katika eneo la Igandu, mkoani Dodoma. Breki hazikushika. Treni ilirudi nyuma kwa mwendo uliozidi kukua hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walipoteza maisha, na majeruhi wengi wakasafirishwa hadi Dodoma. Ajali hiyo ingali miongoni mwa ajali mbaya zaidi za reli kuwahi kutokea barani Afrika.

Msiba ule haukuhitaji kutafuta mtu. Reli ni mstari mmoja. Mahali pa ajali palijulikana mara habari ilipofika, na swali lililobaki lilikuwa la kuwafikia majeruhi, kuwatoa katika vyuma, kuwapanga kwa uzito wa majeraha na kuwafikisha hospitalini. Tarehe 3 Desemba 2023 hali ilikuwa nyingine. Mvua kubwa iliporomosha matope, mawe na magogo kutoka kwenye miteremko ya Mlima Hanang, yakafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki. Hapo hakuna aliyejua kwa hakika nani alikuwa ndani ya nyumba, nani amesombwa, na amesombwa hadi wapi. Igandu ilikuwa kazi ya uokoaji. Hanang ilikuwa utafutaji na uokoaji kwa pamoja. Mtumishi wa afya anayeomba helikopta hana budi kwanza ajue ni ipi kati ya kazi hizo inayomkabili, maana rubani hupanga safari mbili tofauti kabisa.

Wengi humfikiria rubani kuwa dereva anayeitwa baada ya mambo yote kuamuliwa. Daktari ameamua, kamati imeamua, rubani aje abebe. Mtazamo huo huigharimu huduma, kwa sababu mambo makubwa ambayo rubani huyajua, yaani uzito, joto, muda, mwanga na namna ya kugawa eneo la kupekua, ni mambo yanayoamua kama mgonjwa atafikiwa au hatafikiwa. Yakijulikana baada ya helikopta kuruka, yamechelewa. Mahali pake ni kwenye mpango, wakati hakuna dharura yoyote.

Plazima chini ya theluji

Historia ina mfano mzuri wa jambo hili. Frank Erickson alikuwa rubani wa Walinzi wa Pwani wa Marekani. Tarehe 7 Desemba 1941, Pearl Harbor iliposhambuliwa, alikuwa zamu katika kisiwa cha Ford akaona mabaharia wakifa majini karibu na nchi kavu huku kukiwa hakuna chombo cha kuwafikia. Aliposoma habari za helikopta iliyokuwa ikiundwa na Igor Sikorsky, alianza kuwaandikia wakuu wake. Wakubwa wengi wakati ule walikitaka chombo hicho kwa ajili ya kuwinda nyambizi. Erickson alishikilia kwamba kazi yake ya kwanza iwe kuokoa watu, na ndiyo maana alipopewa kituo cha kufundishia marubani huko Brooklyn alitumia muda mwingi katika mambo yasiyo na fahari: machela ya kufungwa ubavuni, winchi ya kumpandisha mtu kutoka majini, na mazoezi ya kurudiarudia.

Tarehe 3 Januari 1944 meli ya kivita Turner ililipuka karibu na mlango wa bandari ya New York. Majeruhi walipelekwa hospitali ya Sandy Hook, ambako plazima, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, ilikaribia kwisha. Theluji na upepo vilikuwa vimezizuia ndege za kawaida. Erickson aliruka na rubani msaidizi hadi bustani iliyo ncha ya kusini ya Manhattan, masanduku mawili ya plazima yakafungwa kwenye maboya ya helikopta, akaruka tena hadi Sandy Hook kwa muda wa dakika 14. Kuna jambo moja katika habari hiyo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka: rubani msaidizi alishushwa akaachwa bustanini. Masanduku yalipopanda, uzito ulizidi, na ilibidi mtu mmoja abaki.

Uamuzi wa kumwacha mtu chini haukuhitaji mjadala kwa sababu hesabu ilikuwa inajulikana. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayohitajika Dodoma, na huku ni kali zaidi.

Joto, mwinuko na uzito

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya pwani, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Rafadha za helikopta hushika hewa kama makasia yanavyoshika maji. Hewa ikiwa nyepesi, hazina cha kushika. Marubani hupima hali hiyo kwa kukadiria helikopta “inajiona” iko mwinuko gani. Alfajiri, joto likiwa nyuzi 18 za Selsiasi, helikopta iliyopo Dodoma huwa kana kwamba iko mita 1,500 hivi. Saa tisa alasiri, joto likifika nyuzi 32, huwa kana kwamba iko mita 2,000. Uwanja ni uleule na mashine ni ileile, lakini nguvu yake ya kunyanyua imepungua.

Upungufu huo hulipwa kwa uzito, na uzito katika helikopta ni watu au mafuta. Lita 100 za mafuta ya ndege zina uzito wa kilo 80 hivi, sawa na mtu mzima mmoja. Helikopta ya injini moja kama Écureuil, ambayo huonekana sana Afrika Mashariki, hutumia takriban lita 180 kwa saa. Kwa hiyo kila mtu mzima anayeongezwa ndani huweza kuwa na maana ya kupunguza nusu saa ya kuruka. Ombi la kawaida la kituo, “mgonjwa, muuguzi, daktari na ndugu wawili”, linaweza kuwa ombi la helikopta isiyoweza kurudi bila kutua njiani kutafuta mafuta.

Ndugu wa mgonjwa wanastahili kuelezwa jambo hili mapema na kwa lugha ya heshima. Mama anapoambiwa kwamba hatapanda na mwanawe aliyevunjika, huliona neno hilo kuwa dharau ya mwisho juu ya msiba alionao. Akielezwa kwamba nafasi yake imechukuliwa na oksijeni ya mtoto, na akaonyeshwa gari litakalomfuata, wengi huelewa. Kazi ya kueleza hivyo haimhusu rubani. Ni ya muuguzi, naye ataifanya vizuri tu ikiwa uzito unaoruhusiwa aliujua tangu wiki iliyopita.

Kutoka hesabu hizi hupatikana kanuni ya ratiba: uhamisho usio wa dakika, kwa mfano mgonjwa aliyetulizwa lakini anayehitaji upasuaji wa siku hiyo, upangwe asubuhi. Katika miezi ya Juni hadi Oktoba, upepo wa mashariki na vumbi la mchana huongeza sababu nyingine ya kufanya hivyo.

Wakati helikopta si jibu

Rubani mwaminifu hutoa mchango mkubwa pale anaposema kwamba gari litafika kwanza. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni karibu kilomita 400 kwa mstari wa hewani. Kwa mwendo wa kilomita 220 kwa saa, helikopta itatumia saa 1 na dakika 50, bila kuhesabu muda wa kumtafuta rubani, kujaza mafuta na kupata vibali. Gari la wagonjwa likiondoka Mpwapwa wakati simu inapigwa, mara nyingi litakuwa limeingia Dodoma kabla helikopta haijafika juu ya Mpwapwa.

Mizani hubadilika barabara inapokatika. Mafuriko ya mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 katika bonde la Mto Kinyasungwe na Mkondoa yaliharibu reli ya kati katika eneo la Gulwe na Kilosa, na vijiji vikabaki kama visiwa. Mizani hubadilika pia pale mahali pa mgonjwa pasipojulikana. Kwa hayo mawili, njia iliyokatika na mahali pasipojulikana, helikopta haina mshindani. Kwa mengine mengi, mfumo wa ardhini ndio uimarishwe. Huduma ya m-mama, ambayo mjamzito, mama aliyejifungua au mzazi wa mtoto mchanga huifikia kwa kupiga namba 115 bila malipo, imeonyesha kwamba kituo cha kuratibu chenye orodha ya madereva wa jamii kinaweza kumfikisha mgonjwa hospitalini bila ndege yoyote. Mpango wa uokoaji wa anga usiotumia wapokea simu wa namna hiyo utakuwa unajenga nyumba ya pili pembeni ya nyumba iliyokwisha kusimama.

Jambo hilo halikuanza leo. Madaktari wa Anga wa AMREF walipoanza mwaka 1957, mwanzilishi wao Michael Wood alikuwa daktari mpasuaji na rubani kwa wakati mmoja. Ndege ndiyo iliyopata sifa. Hata hivyo, kilichoziwezesha hospitali za mbali kutumia ndege hizo kilikuwa mtandao wa redio uliojengwa baadaye, ambao kwao muuguzi angeweza kuuliza ushauri, akapewa, na mara nyingine mgonjwa akapona bila ndege kuondoka Nairobi.

Namna eneo linavyopekuliwa

Tuseme gari la kliniki tembezi limeondoka zahanati moja ya wilaya ya Bahi saa nane mchana, mvua imenyesha, makorongo yamejaa, na hadi jioni halijafika. Simu hazipatikani. Eneo ambalo gari linaweza kuwamo ni la urefu wa kilomita 20 na upana wa kilomita 15, yaani kilomita za mraba 300. Helikopta ikipekua kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, na kila mstari ukiwa nusu kilomita kutoka mstari wa jirani, humaliza kilomita za mraba 55 kwa saa. Eneo zima litachukua saa tano na nusu, na helikopta ndogo haina mafuta ya muda huo. Kama ardhi ni kichaka kizito cha aina ya kile cha Itigi, ambako mtu akisimama hatua chache kutoka njiani haonekani, mistari itabidi ikaribiane hadi mita 200, na kazi ileile itachukua zaidi ya saa 13.

Sasa ofisa muuguzi mmoja anakumbuka kwamba dereva huyo hukwepa kivuko cha juu na kupita kivuko cha chini kila mvua inaponyesha, kwa sababu kwao ni upande huo. Eneo linapungua kutoka kilomita za mraba 300 hadi 50. Helikopta italimaliza kwa chini ya saa moja. Hakuna injini wala kamera iliyowahi kununuliwa inayofanya kazi kubwa kama sentensi hiyo moja ya muuguzi, na rubani asiyemuuliza ameitupa.

Hesabu za utafutaji zilipangwa kisayansi wakati wa Vita Kuu ya Pili na mwanahisabati Bernard Koopman, aliyefanya kazi na Jeshi la Wanamaji la Marekani, na leo ndizo msingi wa mwongozo wa kimataifa unaotolewa kwa pamoja na ICAO na IMO. Kiini chake ni chepesi. Nafasi ya kufaulu ni zao la mambo mawili: uwezekano kwamba mtu yumo katika eneo linalopekuliwa, na uwezekano kwamba ataonekana kama kweli yumo. Kama wapangaji wanaamini kwa asilimia 60 kwamba gari limo katika bonde fulani, na kupekua mara moja kungeliona kwa asilimia 50, nafasi ya kufaulu ni asilimia 30.

Helikopta ikirudi bila kuona kitu, bonde hilo halifutwi kwenye ramani. Uwezekano wake umeshuka kutoka asilimia 60 hadi karibu 43, na wa nje ya bonde umepanda kutoka 40 hadi 57. Watumishi wa afya wanalijua jambo hili kwa jina lingine. Mtoto mwenye homa na dalili zote za malaria, kipimo cha haraka kikionyesha hana vimelea, tabibu mzoefu hashangilii. Hujiuliza kipimo kile hukamata wagonjwa wangapi kati ya mia, kisha huamua kurudia au kutafuta ugonjwa mwingine. Kupekua eneo ni kipimo. Macho ya watafutaji waliochoka, jua la jioni linalopiga usoni na majani mabichi ya masika hupunguza ubora wa kipimo hicho. Kwa sababu hiyo rubani anayesema “tumepita, hakuna kitu” hajatoa taarifa kamili. Taarifa kamili hueleza alipita kwa mwinuko gani, mistari ikiwa umbali gani, mwanga ukiwaje, na ni sehemu gani hakuweza kuiona.

Jambo lingine la kuazima kutoka usafiri wa anga ni saa ya kuanza kushuku. Kwa kanuni za anga, ndege ambayo haijasikika dakika 30 baada ya muda iliotarajiwa kuwasiliana huingizwa katika hatua ya mashaka. Baada yake hufuata hatua ya tahadhari, na mwisho hatua ya dhiki. Hakuna anayeona haya kwa kuwa ameanza kuuliza mapema na ndege ikakutwa salama. Magari ya kliniki tembezi na ya chanjo katika nyanda za kati husafiri mara nyingi bila mtu yeyote aliyeandika saa ya kuondoka, njia itakayopitwa na saa ya kufika. Daftari moja katika ofisi ya Mganga Mfawidhi linatosha, pamoja na mtu mwenye wajibu wa kupiga simu muda ukipita.

Ujumbe wa kwanza

Anayepiga simu kuomba msaada wa anga ana dakika moja au mbili za kusikilizwa vizuri. Mpangilio unaofaa ni kuanza na mahali, kisha idadi ya watu na hali yao kwa ufupi, kisha hali ya hewa inavyoonekana, kisha mahali pa kutua, na kumalizia na namba ya simu itakayoachwa wazi. Watu wengi huanza na hadithi ya namna ajali ilivyotokea. Simu ikikatika katikati, rubani anabaki na hadithi isiyo na mahali.

Mahali penyewe pana mtego. Simu nyingi za mkononi huonyesha mahali kwa nyuzi na desimali, wakati marubani husoma kwa nyuzi na dakika. Nyuzi 6 na dakika 10.50 kusini si sawa na nyuzi 6.1050 kusini. Tofauti ya kusoma hiyo kama ile ni karibu kilomita 8, umbali unaotosha kumfanya rubani alizunguke kijiji kingine kabisa. Kwa hiyo msemaji ataje aina ya namba anazosoma, na msikilizaji azirudie. Baada ya namba, kitajwe kitu kinachoonekana kutoka angani: paa jipya la shule, mnara wa simu, mbuyu uliosimama peke yake, njia panda. Kibao cha kijiji, jina la mwenye duka au “pale kwa zamani” havionekani kutoka mita 150 juu.

Uwanja wa kutua

Baada ya ndege ya abiria kuanguka msituni karibu na Gander, Newfoundland, Septemba 1946, watu 18 walikutwa hai mahali ambapo magari yasingefika. Helikopta mbili za Walinzi wa Pwani wa Marekani zilivunjwa vipande, zikapakiwa katika ndege kubwa, zikaunganishwa tena Gander na kuwatoa wote. Lakini kikundi cha ardhini kilichokuwa na daktari kilikuwa kimewatangulia kwa miguu na kuwatibu majeruhi, na ardhi ilikuwa kinamasi, hivyo ililazimu kutengenezwa jukwaa la mbao ndipo helikopta iweze kutua. Watu wa chini ndio walioifanya helikopta iwe na kazi.

Huku shida kuu ni vumbi. Helikopta inapokaribia ardhi kavu ya Dodoma, upepo wake huinua wingu ambalo huweza kumfunika rubani asione ardhi katika mita za mwisho, na hapo ndipo ajali hutokea. Uwanja wa mpira wa shule wenye nyasi, hata zilizokauka, ni bora kuliko eneo lililofyekwa likawa jeupe. Eneo liwe angalau mita 30 kwa 30, tambarare, lisilo na nyaya za umeme wala nguzo. Ardhi tupu imwagiwe maji. Ushauri huu wa maji ni rahisi kuuandika na mgumu kuutekeleza mahali ambapo ndoo moja hutafutwa kwa nusu siku. Wapangaji wa wilaya wachague mapema uwanja wenye nyasi badala ya kukiachia kituo kichague kati ya kumwagia ardhi na kumwosha mzazi.

Mabati yaliyolegea, shuka, khanga, maturubai na mifuko viondolewe, maana kitambaa kikinyonywa na rafadha huweza kuiangusha helikopta. Khanga moja ifungwe imara kwenye mti mrefu mbali na mahali pa kutua, imwonyeshe rubani upepo. Watu wakae mbali, na watoto wawe na mtu mzima wa kuwazuia, kwa sababu kijiji kizima kitakuja. Hakuna anayeikaribia helikopta kabla rubani hajatoa ishara. Anayekwenda aende kutoka mbele, anapoonekana na rubani, akiinama. Asipite mkiani kamwe, kwani rafadha ndogo ya nyuma ikizunguka haionekani. Kama ardhi imeinama, watu wakaribie kutoka upande wa chini wa mteremko.

Mgonjwa kabla ya kupandishwa

Helikopta huruka chini ikilinganishwa na ndege kubwa, na baadhi ya watumishi huamini kwamba mwinuko hauna athari. Hewa iliyofungika mwilini mwa mgonjwa aliyepandishwa Dodoma na kurushwa mita 500 juu zaidi hutanuka kwa karibu asilimia 6. Kwa mtu mzima wa kawaida si kitu. Kwa mgonjwa aliyevujiwa na hewa kifuani kutokana na mbavu zilizovunjika, na ambaye tayari anahema kwa shida, kiasi hicho huweza kumzidi. Bomba la kifuani liwekwe ardhini, kwenye mwanga na utulivu. Ndani ya helikopta hakuna nafasi, na kelele haziruhusu kusikiliza kifua kwa stethoskopu.

Kwa sababu hiyohiyo, njia ya hewa, mishipa, damu inayotoka na mifupa vishughulikiwe kabla. Dripu iwe ya mfuko wa plastiki. Oksijeni ihesabiwe: mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika katika safari ya saa moja anahitaji lita 600, na busara ni kubeba mara mbili yake. Mgonjwa aliyechanganyikiwa na anayepigana atulizwe kikamilifu au asipandishwe, kwani mkono mmoja ukimfikia rubani, idadi ya majeruhi itaongezeka. Barua ya rufaa ifungwe mwilini mwa mgonjwa, isishikwe na ndugu ambaye huenda akabaki.

Neno ambalo rubani haambiwi

Katika huduma nyingi za ndege za wagonjwa duniani kuna desturi ambayo kwa mara ya kwanza huwashangaza watumishi wa afya: rubani anapoulizwa kama anaweza kuruka, haambiwi mgonjwa ni nani wala anaumwa nini. Huambiwa mahali, uzito na muda. Huangalia mawingu, mwanga, mafuta na mashine, kisha husema ndiyo au hapana. Akishasema ndiyo, wahudumu wa tiba ndio humshughulikia mgonjwa.

Sababu yake imeandikwa kwa maisha ya watu. Rubani aliyeambiwa kwamba ni mtoto wa miaka mitatu anayekufa atajaribu kupita chini ya wingu ambalo angeliepuka kama angeambiwa ni sanduku la dawa. Huruma haipunguzi ukungu juu ya milima ya Kiboriani. Kwa hiyo kituo kinachopiga simu kikitumia machozi kumshawishi rubani aliyekwisha kusema hapana, kinahatarisha watu wengine watatu au wanne kwa ajili ya mmoja, na mara nyingi yule mmoja naye hafikiwi.

Hapana hiyo ndiyo inayofanya mpango wa pili uwe wa lazima, hasa usiku. Helikopta isiyo na vifaa vya kuonea gizani haitui porini baada ya jua kuzama, na ajali nyingi za barabara kuu hutokea saa hizo. Kituo cha afya kilicho Kondoa, Kongwa au Manyoni lazima kijue kabla ya tukio kama kina damu, oksijeni na mikono ya kumshikilia majeruhi mahututi hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au kama gari liondoke mara moja. Kamati za maafa zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ndizo mahali pa swali hilo. Rubani akialikwa katika kikao kimoja tu cha mwaka cha kamati ya wilaya, aletewe ramani ya vituo vyote vya afya, na aombwe aandike mbele ya kila kituo mambo matatu: uwanja wa kutua, uzito anaoweza kuinua hapo mchana wa Novemba, na saa ya mwisho ya kupokea simu ili afike kukiwa bado na mwanga. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na simu ya chumba cha dharura, na iandikwe upya kila helikopta inayotegemewa inapobadilika.